Majira, Pepo na Tabianchi: Nafasi ya Maneno ya Kiswahili katika Utafiti wa Hali ya Hewa

1. Utangulizi

Utafiti wa tabianchi una mashahidi wa namna mbili. Wa kwanza ni chombo: kipimajoto, kipimamvua, puto lirushwalo angani, setilaiti. Wa pili ni mtu: nahodha, mvuvi, mkulima na mfugaji, ambao maisha yao yamewalazimu kuyatazama majira kwa makini na kuyahifadhi katika lugha yale waliyoyaona. Katika Afrika ya Mashariki shahidi wa kwanza bado ni kijana. Kumbukumbu za mvua za vituo vya kale vya pwani hazivuki sana mwisho wa karne ya 19. Idara ya pamoja ya hali ya hewa ya nchi zilizotawaliwa na Uingereza ilianzishwa mwaka 1929, na idara ya Kenya ilisimama peke yake mwaka 1977, ilipovunjika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mtafiti atakaye kujua jinsi mvua na pepo zilivyokuwa kabla ya hapo hana budi kumsikiliza shahidi wa pili.

Shahidi huyo husema kwa lugha, na lugha ina historia yake. Neno lililosemwa na nahodha wa karne iliyopita laweza kuwa lingali hai leo, lakini likawa limebadili maana. Maneno yake yakifasiriwa pasipo uangalifu, ushahidi wake huharibika kabla ya kufika mezani kwa mwanasayansi. Kadhalika matokeo ya sayansi, yakirudishwa kwa wananchi kwa maneno yasiyopimwa, huwafikia yakiwa na maana nyingine. Makala haya yanakusudia kuonyesha, kwa mifano michache, kwamba kazi ya kuyapima maneno hayo ni sehemu ya utafiti wenyewe wa tabianchi, wala si pambo linaloongezwa baada ya utafiti kwisha.

2. Majina ya pepo

Mwambao wa Waswahili hutawaliwa na pepo mbili kuu. Kaskazi huvuma takriban kuanzia Desemba hadi Machi, kusi kuanzia Aprili hadi Septemba au Oktoba. Baina yake kuna vipindi vya pepo zisizotulia, vijulikanavyo kama maleleji, au tanga mbili, kwa kuwa wakati huo chombo chaweza kwenda upande wowote. Umuhimu wa pepo hizi katika lugha waonekana katika majina ya pande za dunia: kaskazini ni kule kaskazi itokako, na kusini ni kule kusi itokako. Mswahili ameipa dira yake majina ya pepo.

Sababu ya mageuko hayo ilianza kuelezwa kwa njia ya sayansi na Edmond Halley mwaka 1686, aliyeonyesha kuwa jua huipasha joto nchi kavu na bahari kwa viwango tofauti, na hewa hukimbilia pale palipo na joto zaidi. Mwaka 1735 George Hadley aliongeza jambo ambalo Halley hakulitambua, nalo ni athari ya mzunguko wa dunia katika kuipinda njia ya upepo. Kwa maelezo hayo mawili, jambo ambalo manahodha walilijua kwa mazoea lilipata sababu yake. Desemba, bara la Asia linapokuwa baridi na jua likiwa upande wa kusini, hewa huteremka kutoka Asia kuelekea Ikweta na kuivuka. Hiyo ndiyo kaskazi. Juni mambo hugeuka, na hiyo ndiyo kusi.

Hapa lugha inaleta funzo la kwanza. Vitabu vingi vya jiografia vilivyoandikwa kwa kuitazama Bara Hindi huziita pepo za Juni hadi Septemba kuwa ni za kusini-magharibi. Jina hilo ni sahihi huko India na katika Bahari ya Arabu, lakini Unguja na Mombasa zi kusini mwa Ikweta, na huko upepo huo hutoka kusini na kusini-mashariki. Mwandishi anayetafsiri maneno ya vitabu hivyo bila kutazama ramani humfundisha mwanafunzi wa Mombasa jambo ambalo tanga la mashua linalikanusha kila siku.

Mwaka 1969 John Findlater alichapisha utafiti ulioonyesha kuwa kuna mkondo wa hewa wenye kasi kubwa, usio juu sana angani, ambao hutoka upande wa Madagaska, ukapita juu ya nyanda za chini za mashariki mwa Kenya, ukakingwa upande wa magharibi na milima, ukavuka Ikweta, kisha ukapinda na kuambaa pwani ya Somalia hadi kufika India. Kwa hiyo upepo uitwao wa kusini-mashariki huko Unguja na ule uitwao wa kusini-magharibi huko Bahari ya Arabu ni mkondo mmoja, uliopindwa na mzunguko wa dunia katika safari yake. Manahodha waliokwenda Arabuni na India walitumia jina moja tu, kusi, kwa safari nzima. Hawakuwa wamepima mkondo huo kwa puto, waliusafiria. Hata hivyo jina lao linaafikiana na umbile la mkondo kuliko yale majina mawili ya vitabuni.

3. Hesabu ya miongo

Mfano wa pili wahusu kalenda. Miezi ya Kiislamu hufuata mwandamo, na mwaka wake hupungukiwa na siku kama 11 ukilinganishwa na mwaka wa jua. Kalenda hiyo yatosha kwa ibada, lakini haiwezi kumwonyesha mkulima wakati wa kupanda wala nahodha wakati wa kutweka. Kwa sababu hiyo watu wa mwambao walikuwa na hesabu nyingine ya mwaka wa jua, iliyoanzia Siku ya Mwaka, iitwayo pia Nairuzi, jina lenye asili ya Kiajemi. Siku 365 za mwaka huo ziligawanywa katika mafungu ya siku kumi kumi, na kila fungu liliitwa mwongo. Miongo 36 hufanya siku 360, na siku tano zilizobaki hukamilisha mwaka. Kwa miongo hiyo watu walitaja wakati wa kusi kuingia, wakati wa bahari kufungwa kwa vyombo, na wakati wa kupanda.

Mtafiti wa leo anayeisoma au kuisikia hesabu hiyo hukabiliwa na mitego miwili. Wa kwanza ni wa neno. Katika Kiswahili cha sasa mwongo, au muongo kama wengi waandikavyo, ni kipindi cha miaka kumi. Maana hiyo ndiyo itumiwayo katika maandishi ya tabianchi, kwa mfano pasemwapo kuwa muongo wa 2011 hadi 2020 ulikuwa na joto kuliko miongo yote iliyoutangulia tangu vipimo vya dunia nzima vilipoanza. Mzee asemapo kuwa mvua imechelewa miongo miwili hasemi miaka ishirini. Anasema siku ishirini. Msikilizaji asiyeijua maana ya kale ataandika katika daftari lake jambo ambalo hakuna aliyelisema.

Mtego wa pili ni wa hesabu yenyewe, na ni mkubwa zaidi. Mwaka wa Nairuzi una siku 365 kamili bila ya siku ya nyongeza kila mwaka wa nne. Mwaka wa jua una siku 365 na karibu robo. Kwa hiyo Nairuzi hurudi nyuma kwa kadiri ya siku moja kila miaka minne, yaani siku kama 24 kwa karne. Katika karne ya 19 Siku ya Mwaka iliangukia mwezi wa Agosti. Katika zama hizi Mwaka Kogwa wa Makunduchi, ambao ni sherehe ya siku hiyohiyo, huadhimishwa mwezi wa Julai.

Tokeo lake ni hili. Tuseme babu alifundishwa mwongo ambao kusi huingia, na mjukuu akaushika mwongo uleule kwa hesabu ileile pasipo marekebisho. Baada ya karne moja kusi itaonekana kuchelewa kwa zaidi ya miongo miwili, hata kama upepo wenyewe haukubadilika kwa siku moja. Ushahidi kama huo, ukipokelewa jinsi ulivyo, waweza kuandikwa kuwa ni dalili ya mabadiliko ya tabianchi, kumbe kilichosogea ni kalenda. Kinyume chake chawezekana pia: badiliko la kweli la majira laweza kufunikwa na mwendo wa kalenda lisionekane kabisa. Mwanasayansi wa hewa peke yake hawezi kulifumbua fumbo hili, na mwanaisimu peke yake hawezi. Pasipo wawili hao kukaa pamoja, hazina yote ya hesabu ya miongo haiwezi kutumika kwa salama.

4. Masika na vuli

Nchini Kenya mvua za Machi hadi Mei huitwa mara nyingi mvua ndefu, na zile za Oktoba hadi Desemba mvua fupi. Majina haya yametokana na tafsiri ya Kiingereza. Kiswahili kina majina yake: masika na vuli. Mombasa husemwa pia mvua ya mwaka kwa maana ya masika. Tofauti baina ya namna hizi mbili za kutaja si ya ladha ya lugha pekee. Mvua ndefu na mvua fupi ni majina yanayodokeza kuwa kitu ni kimoja, ila hutofautiana kwa urefu. Masika na vuli ni maneno yasiyo na shina moja. Yanavichukulia vipindi hivyo kuwa ni vitu viwili mbalimbali.

Utafiti wa miaka ya karibuni unaelekea upande wa majina ya kale. Vuli hufungamana sana na halijoto ya bahari. Mwaka 1999 watafiti walieleza mpangilio wa Bahari ya Hindi ambao maji ya upande wa Afrika huwa na joto kuliko kawaida huku maji ya karibu na Sumatra yakipoa. Mpangilio huo umeitwa dipoli ya Bahari ya Hindi. Mpangilio huo unapokuwa na nguvu, pepo huelekea Afrika, na vuli hunyesha kupita kiasi. Ndivyo ilivyotukia mwaka 1961, mwaka 1997 na mwaka 2019. Baada ya mvua za 1961 Ziwa Viktoria lilipanda hadi kufikia kimo cha juu sana mwaka 1964, na kimo hicho hakikufikiwa tena hadi Mei 2020, baada ya vuli ya 2019. Masika, kwa upande wake, haina kifungo kilicho wazi namna hiyo na halijoto za bahari, na kwa ajili hiyo ni vigumu zaidi kuibashiri miezi kadhaa kabla.

Zaidi ya hayo, vipindi hivi viwili havikufuata njia moja katika miaka iliyopita. Tangu miaka ya 1980 masika ilipungua katika sehemu nyingi za Afrika ya Mashariki, hasa kwa kuchelewa kuanza na kuwahi kwisha, ingawa baadhi ya miaka ya karibuni, kama 2018 na 2024, ilileta mafuriko. Wakati huohuo mifano mingi ya kompyuta inayobashiri tabianchi ilionyesha kuwa eneo hili litapata mvua nyingi zaidi kadiri dunia inavyozidi kupata joto. Mgongano huu baina ya vipimo na mifano umewashughulisha watafiti kwa miaka mingi. Mwanafunzi aliyefundishwa kuwa kuna mvua moja yenye sura ndefu na sura fupi atashindwa hata kuelewa swali. Aliyefundishwa masika na vuli amekwisha kupewa nusu ya maelezo.

Isitoshe, vuli ya 2019 iliendelea hadi Januari 2020. Kuiita mvua fupi ni kusema jambo ambalo waliofurikiwa hawakuliona.

5. Majira ya nchi za mbali

Tatizo hugeuka upande mwingine pale maneno ya mwambao yanapoazimwa kutaja majira ya Ulaya. Kipupwe hutumiwa kwa majira ya theluji, kiangazi kwa majira ya joto ya kule. Kwa masimulizi na hadithi mazoea haya huenda yasilete madhara. Katika maandishi ya sayansi yanapotosha. Kiangazi cha mwambao ni wakati wa kaskazi, Desemba hadi Machi. Kipupwe ni Juni hadi Agosti. Majira ya joto ya Ulaya huangukia Juni hadi Agosti, yaani ndani ya kipupwe.

Chukua sentensi hii: barafu ya Bahari ya Aktiki hupungua sana mwishoni mwa kiangazi. Barafu hiyo hufikia kiwango chake cha chini kabisa mwezi wa Septemba. Msomaji wa Lamu anayekijua kiangazi chake atafahamu Machi, ambao ndio mwezi barafu hiyo inapokuwa imeenea kuliko miezi yote. Amesoma Kiswahili sanifu, na akapata kinyume cha ukweli. Dawa ni nyepesi: katika maandishi ya sayansi miezi itajwe kwa majina, na maneno kaskazi, kusi, kipupwe, demani, masika na vuli yaachiwe mahali yalikozaliwa.

6. Maneno ya vipimo

Yako maneno mengine ambayo hayatokani na majira, bali na vipimo. Matatu kati yake yastahili kutazamwa.

La kwanza ni hali ya hewa. Kwa muda mrefu fungu hili limebeba mzigo wa mambo mawili: hali ya siku au juma, na mwenendo wa miaka mingi. Neno tabianchi, lililoundwa kutokana na tabia ya nchi, limekuja kutenganisha mambo hayo, na ni neno lililochaguliwa vyema. Tabia ya mtu haijulikani kwa tendo moja. Hujulikana kwa mwenendo wake wa siku nyingi. Vivyo hivyo mvua kubwa ya siku moja ni tendo, na haitoshi kuthibitisha wala kukanusha kuwa tabia imebadilika. Pale magazeti yanapoandika mabadiliko ya hali ya hewa kwa maana ya mabadiliko ya tabianchi, msomaji ana haki ya kujibu kuwa hali ya hewa hubadilika kila siku tangu dunia iumbwe. Jibu hilo si la ukaidi. Limeletwa na neno.

La pili ni joto. Katika mazungumzo joto ni jina la nishati na pia ni jina la kiwango kinachosomwa katika kipimajoto. Sayansi haiwezi kuvichanganya, na hivyo halijoto imeundwa kwa ajili ya maana ya pili. Manufaa yake yaonekana mara moja. Zaidi ya asilimia 90 ya joto la ziada lililonaswa katika dunia kwa sababu ya gesi zitokanazo na shughuli za binadamu limeingia baharini. Hata hivyo halijoto ya nchi kavu imepanda zaidi kuliko ile ya uso wa bahari. Bila ya maneno mawili sentensi hizi huonekana kupingana. Kwa maneno mawili zinaelezana, kwa kuwa maji huhitaji joto jingi ili halijoto yake ipande kidogo.

La tatu ni wastani, nalo ndilo lenye hatari zaidi. Kwa mtakwimu, wastani ni hesabu: jumla ya mvua za miaka 30 mahali fulani, igawanywe kwa 30. Kipindi kinachotumika sasa ni 1991 hadi 2020. Kwa msikilizaji wa kawaida, wastani ni kiasi cha kuridhisha, kisicho kingi wala kichache. Tangazo lisemapo kuwa Mandera itapata mvua ya wastani, mtakwimu amesema kuwa Mandera itabaki kavu kama ilivyozoea kuwa. Msikilizaji amesikia habari njema. Tangazo lililo wazi lingesema: mvua itakaribia ile ambayo Mandera huipata katika miaka mingi.

Pamoja na wastani huja utabiri. Tangu mwaka 1998 wataalamu wa nchi za Pembe ya Afrika na maziwa makuu wamekuwa wakikutana kabla ya majira ili kutoa taarifa ya pamoja ya msimu. Taarifa hiyo haisemi kuwa mvua itanyesha au haitanyesha. Hugawa uwezekano katika mafungu matatu: mvua kupita wastani, kuukaribia, au kupungukiwa. Uwezekano wa asilimia 50 wa mvua kupita wastani wamaanisha pia kuwa ipo nusu nyingine. Lakini kitenzi kutabiri katika Kiswahili kina jamaa wa zamani: hutumiwa kwa waaguzi na kwa wafasiri wa ndoto. Mtabiri wa namna hiyo husema kweli au uongo, hana asilimia. Mvua isipokuja, wananchi husema idara imetabiri uongo, na msimu ufuatao hawasikilizi. Kiswahili kina mahali pazuri pa kuanzia: dalili ya mvua ni mawingu. Methali hii inajua tofauti ya dalili na tukio. Taarifa ya msimu ikielezwa kuwa ni usomaji wa dalili, na uzito wa kila dalili ukatajwa kwa hesabu, msikilizaji hataona kuwa amedanganywa wingu likipita.

7. Hitimisho

Jambo hili si la mabishano ya wanalugha peke yao. Tangu mwisho wa mwaka 2020 hadi mwisho wa mwaka 2022, misimu mitano ya mvua ilifuatana ikiwa pungufu katika Pembe ya Afrika, ikiwemo Kenya ya kaskazini na mashariki. Mifugo mingi ilikufa, na mamilioni ya watu walihitaji chakula cha msaada. Uchunguzi wa kundi la kimataifa la watafiti uliotolewa mwaka 2023 ulikisia kuwa ukame wa namna hiyo, ambao joto hukausha udongo hata kile kidogo kilichonyesha, umekuwa na uwezekano wa kutukia mara 100 zaidi kwa sababu ya mabadiliko ya tabianchi yaliyoletwa na binadamu. Mwaka uleule wa 2023 vuli ilileta mafuriko, na masika ya 2024 ikazidisha. Mfugaji aliyeuza au asiyeuza wanyama wake katika miaka hiyo aliamua kwa kutegemea maneno aliyoyasikia redioni au kwa jirani.

Kwa hiyo idara za Kiswahili na lugha nyingine za Kiafrika zina kazi tatu zinazoweza kuanzwa pasipo kungoja vyombo vya bei kubwa. Kwanza, kukusanya majina ya pepo, mvua na miongo kutoka kwa wale wangali wakiyajua, kila neno likiandikwa pamoja na mahali, mwezi na hesabu ya kalenda iliyotumiwa. Pili, kuyapitia maandishi ya kale na kuyapatanisha na tarehe za leo, ili kuondoa mwendo wa Nairuzi kabla ya kutafuta mwendo wa majira. Tatu, kukaa na wataalamu wa hali ya hewa wakati taarifa inapoandikwa, si baada ya kuchapishwa, na kuuliza kuhusu kila neno: mkulima akilisikia hili, atapanda lini? Jibu la swali hilo likitofautiana na alilokusudia mtaalamu, taarifa haijawa tayari kutolewa, hata ikiwa hesabu zake zote ni sahihi.